Mdomo wa Madigadi

Jumatatu, 4 Agosti

Gari limeshuka! Springi zote nimezikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, nikafunga rimu mpya, pana, zinazong'aa hata paka wa jirani alijiona ndani akatimua mbio. Gari langu sasa limelala chini kama gari la watu wenye maana. Nimepita mbele ya barza wanapokaa wazee mara kadhaa bila safari yoyote. Mzee mmoja aliniuliza kama nimepata pancha magurudumu yote. Wivu.

Jioni nilikwenda kwa ami yangu. Binti yake Sahla, aliyeolewa juzi kwa nikahi, anapelekwa kwa mumewe Mambrui Jumapili. Nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mimi, na kwamba Mambrui nzima itaacha kumtazama bibi harusi itazame gari. Sahla hakucheka. Ami akasema vyema, ila gari lisije likamwaibisha mwanawe. Aibu! Niliapa. Jirani yangu Ngala, mwenye tuktuk, alikuwa pembeni anakula kaimati, akasema naye yuko tayari akihitajika. Tuktuk! Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 5 Agosti

Kuna sauti. Gurudumu la nyuma, kushoto, kila nikipita tuta: krrrp! Nikiwa peke yangu ni kidogo. Nilipompakia Mama, ilikuwa krrrp mpaka sokoni. Mama akauliza ni nini hicho. Nikamwambia redio. Kisha moshi ukatoka. Akauliza kama redio inapika. Alirudi nyumbani kwa miguu, na kikapu chake kichwani.

Sababu naijua. Ni kijicho cha barza. Nimefukiza ubani na udi chini ya gurudumu. Chetezo kilikuwa karibu kidogo na ile plastiki ya ndani iliyo juu ya tairi, na sasa plastiki haipo. Lakini gari linanukia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza. Kinachosugua hupakwa mafuta. Sahla mwenyewe wiki nzima anasingwa kwa manukato na kupakwa, na hatujamsikia akilia krrrp. Nimelipaka tairi mafuta ya nazi, lote, kwa upendo.

Mbuzi wa mtaa mzima walikuja kulilamba. Nilipowafukuza mbuzi, wakaja siafu. Bi Mastura, somo anayemfunda Sahla, mwanamke mwenye mwili na kauli, alipita akasimama kunitazama. Alisema kwa singo hii, tairi litatangulia kuingia chumbani kabla ya mwari wake. Nilijifanya sikusikia. Mtaa mzima ulisikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Ganda kwa Jefwa, fundi wa bodi. Nilimweleza kwa urefu namna gari linavyofanya kazi, ili asikosee. Alichuchumaa, akaingiza mkono juu ya tairi, akanitazama na kusema tatizo langu ni mdomo.

Matusi! Hata chai sijanywa! Nilimwambia nimekuja kutafuta fundi, wala sikuja kulelewa.

Jefwa ni mtu mpole kupita kiasi, jambo linaloudhi. Alikishika kidole changu akakipitisha chini ya ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika tairi. Kuna chuma kimejikunja kwa ndani, kina makali. Huo ndio mdomo. Tairi likipanda, mdomo unalila. Akasema kwanza nirudishe springi nzima, gari linyanyuke, kisha yeye ataukunja ule mdomo kwa chombo chake, na Jumamosi litakuwa tayari. Maneno ya springi sikuyasikiliza sana. Nikinyanyua gari, Ngala atasema nini? Ugonjwa ni mdomo. Fundi mwenyewe amekiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala nimempigia simu rafiki aliye Mombasa. Anasema huko watu huchomeka gogo la mviringo baina ya tairi na mdomo, wakalisukuma gari polepole, na mdomo unajikunja wenyewe. Gogo la mviringo, gumu, lililosuguliwa!

Mchi wa Mama.

Ni mchi wa mkwaju, aliurithi kwa mamake, na dadake mwenyewe hajawahi kuazimwa. Nami sitauazima. Nitauchukua.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Mama alikwenda kwa ami. Nikaazima jeki kwa Ngala, naye alinipa kwa furaha, jambo lililonikera. Nikanyanyua gari, nikachomeka mchi, nikashusha. Jeki nikairudisha hapo hapo, maana sipendi fadhila za mtu wa tuktuk. Nikasukuma. Mchi ukazunguka, ukapanda, ukasema ka! Ukakwama.

Gari haliendi mbele wala nyuma. Nikakimbilia jeki. Ngala ameshaondoka na abiria kwenda Magarini, na jeki ndani.

Ndipo Mama akarudi na wanawake wote wa harusi. Wanataka mchi, watwange bizari ya pilau. Mama alitafuta jikoni, uani, mvunguni. Nilimsaidia kutafuta, tena kwa bidii. Nikataja wezi. Bi Mastura, kwa kuchoka, akaegemea gari, akahisi kitu kinamchoma pajani.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakaushika mchi wote pamoja, wakaimba nyimbo za vugo, wakavuta. Mchi ulitoka na kichwa chake kimepasuka, na madigadi imefunuka nje kama sikio. Bizari ilitwangwa kwa jirani. Mama hajanisemesha tangu hapo.

Lakini mdomo umetoka nje! Umekunjika! Nimeshinda!

Jumapili, 10 Agosti

Nilisafisha gari, nikalifunga maua. Sahla aliingia, amependeza mno. Bi Mastura akaingia. Mashangazi wakaingia. Gari likashuka likayakalia magurudumu yake kama kuku anayeatamia. Tuta la kwanza, krrrp. La pili, moshi. Kabla ya daraja la Sabaki tairi likapasuka kwa mshindo, na maua yote yakaruka.

Nyuma yetu ilikuja tuktuk. Ami alimwomba Ngala atufuate, eti kwa tahadhari tu! Sahla alishuka anakohoa, wanja umemtiririka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba siku hii hana nyingine. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Niliona haya kweli, nikageuka nikajifanya nakagua tairi, huku yeye na somo wake wakipanda tuktuk.

Nasikia tuktuk ilipokelewa Mambrui kwa vigelegele, na watoto wanasema hawajawahi kuona harusi nzuri kama ile. Mimi nilifika watu wanaosha masufuria. Ngala alikuwa ameniwekea pilau sahanini, akaifunika. Niliila kwa hasira.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo Mama amenisemesha. Alikuwa ameupakata ule mchi, anapapasa ufa. Akasema, Faki mwanangu, mdomo umeponza kichwa.

Nililala kitandani nikiyatafakari maneno hayo. Mama ana akili! Hajasomea ufundi, lakini ameona kilichomshinda hata Jefwa. Mdomo wa madigadi ndio ulioponza kichwa cha mchi. Kwa hiyo kosa halikuwa springi wala rimu. Kosa lilikuwa mchi. Ulikuwa laini!

Nimepata habari za mtu Kakuyuni anayechonga michi ya mbambakofi, mti usiopasuka. Barzani nimeshawatangazia kwamba harusi ijayo, hata iwe ya nani, bibi harusi nitambeba mimi.

Kesho alfajiri nakwenda Kakuyuni. Ngala atanipeleka kwa tuktuk yake, maana ile barabara gari langu haliiwezi.