Lugha ya Mtambo Inayosomwa na Anneth Peke Yake

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Chama chetu cha Wakulima wa Kahawa,
Mabawe, Ngara.

Mzee Idefonsi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Mama Agripina amepona mguu. Mimi ni mzima na mtambo ni mzima. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu bodi yako imekwisha kuamua kwamba sisi ni kitu kimoja, na hilo ndilo lalamiko langu.

Unakumbuka kikao cha kuchagua lugha ya kile kisanduku kilichomo ndani ya kabati la umeme, kinachoamuru pampu ianze lini na mota ya kumenya kahawa isimame lini. Mtaalamu wa wauzaji alituonyesha njia mbili za kukipa maagizo. Ya kwanza huchorwa kama ngazi: swichi huku, mota kule, kila kipandio agizo moja. Ya pili huandikwa kwa maneno na alama, mstari baada ya mstari. Zote mbili zinaendesha mtambo uleule. Yaliyofuata ndiyo haya:

1. Frednand, fundi wetu wa umeme, aliifuata ngazi kwa kidole tangu juu hadi chini bila kuuliza swali. Mjumbe wa bodi, Mzee Habonimana, akasema, "Kama Frednand anaielewa, hiyo ina thamani gani?" Wajumbe wakaafiki kwa makofi. Frednand mwenyewe naye alipiga.

2. Kisha wewe, Mzee, ukasimama ukasema: "Ya maandishi anaisoma Anneth peke yake. Sasa huyu binti atatuacha aende wapi?" Ikapitishwa ya maandishi. Nimesoma uhandisi miaka minne na sikuwahi kufundishwa kwamba lugha ya mtambo huchaguliwa kwa sifa hiyo.

3. Katikati ya maagizo nilikuwa nimeweka maelezo kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hapa tangi linajaa, hapa mota inapumzika. Bodi iliniagiza niyafute, mgeni asije akaelewa. Niliyafuta. Siku hizi hata mimi nikifungua nakuna kichwa kwanza.

4. Nilipolazwa kwa malaria, ujumbe wa bodi ulikuja wodini na kompyuta. Uliuliza habari za valvu, halafu habari zangu. Kompyuta ililazwa kitandani, mimi nikasogezwa.

5. Lililoniumiza zaidi ni la mwezi uliopita. Ndugu wa mchumba wangu Wiston walitoka Nyarubungo, kule Biharamulo, kuleta posa. Upande wetu waliwakuta baba yangu, baba zangu wadogo wawili, na wajumbe watatu wa bodi. Baba alipokwisha kukubali, katibu wenu aliomba nafasi akasema ukoo umeridhia lakini chama bado. Sharti likawa kwamba bwana harusi ahamie Mabawe, mahali ambapo mke wake ataweza kuusikia mtambo. Mzee Theonest, mjomba wake Wiston, aliuliza kwa upole kama mtambo nao unadai mahari, na apewe nani. Wageni waliondoka na neno la "tutawaita", na hadi leo hawajaitwa.

Kwa kuwa bodi haina desturi ya kubadilisha maamuzi, naomba basi iyakamilishe. Niingizwe kwenye orodha ya vipuri, kati ya mikanda na fyuzi. Nikaguliwe kabla ya kila msimu. Nipewe dhamana kama ya mota, ili nikiharibika nirudishwe kwa wauzaji. Mwanangu wa kwanza, Mungu akinijalia, asifundishwe kusema mama wala baba kabla hajaijua lugha ya kisanduku, na bodi nzima imsimamie ubatizo. Na nikifa nizikwe karibu na tangi, kaburi liwekewe mfuniko wa kufunguka, kwa dharura za msimu.

Kama hayo ni mazito, liko jepesi. Chagueni ngazi. Nitaichora mwenyewe bila kudai posho. Frednand ataisoma, atakayekuja baada ya Frednand ataisoma, nami nitaolewa Biharamulo kama watu wengine.

Nisalimie wajumbe wote, hata waliopiga makofi, na Mama Esperansia wa stoo, na wakulima wa Murusagamba wanaotuletea kahawa kwa barabara ile mbovu.

Ni mimi, binti yenu, na bado si kipuri,

Anneth Bigirimana
Mhandisi wa Mtambo

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Frednand ameniletea ngazi aliyoichora mwenyewe, kwa kujaribu tu. Mota yake ilianza kabla maji hayajafika. Nilimwonyesha, akarekebisha palepale. Nimeisoma yote nikitafuta kosa la pili. Nimeisoma tena. Halipo. Mzee, nakuomba sana, Frednand asipewe ufunguo wa kabati. Wiston nimempigia simu na kumwambia tungoje msimu huu uishe, na ikibidi, na ule mwingine.