Mvule Unapopenda Kukaa

Wananchi mnaarifiwa kuwa mvule, mti wetu wa mbao, hautaota tena kiholela. Kuanzia mwezi huu utaota pale tu ulipotabiriwa na Kitengo chetu cha Utabiri wa Makaazi Asilia.

Mimi ni msaidizi wa takwimu. Kompyuta ilitaka kuonyeshwa mvule ulipo, ili itabiri sehemu nyengine zinazoufaa. Wengine kwa kazi hii huingia porini wakaumwa na siafu. Sisi tuna akili. Mji Mkongwe mvule upo tele, tena ushachongwa maua, una misumari ya shaba na umesimama kivulini. Tukapima milango mia mbili kwa asubuhi mbili, na juisi ya miwa katikati. Kumi na mmoja zaidi tuliipima Mangapwani, nyumbani kwa Mkurugenzi wetu Mahfoudh, siku ya harusi ya binti yake. Hata wa choo ni mvule, mashaallah.

Kompyuta ikafundishika. Mvule, ikasema, hupenda chokaa, umeme na harufu ya biriani. Kwenye ramani ikaipiga Mangapwani doa jekundu. Mkurugenzi aliona ukingo wake tu, ulioangukia shamba la jirani yake Bi Zeyana, ambalo siku nyingi analitamani liwe maegesho. Akasaini amri: aliye ndani ya doa ahame, aupishe mvule. Mwenye pingamizi aandike mvule uliorekodiwa kwake umetoka wapi.

Bi Zeyana akaja ofisini na barua yake ya kuhama kaikunja ndani ya buibui.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Mwanangu, muhogo ule ndio chakula cha wajukuu zangu. Na huo mvule wenyewe mie siuoni."

"Kompyuta inauona."

"Ishafika Mangapwani?"

"Haijafika. Inajua tu."

"Haya. Kwangu doa limegusa pembeni. Katikati yake anakaa nani?"

Nikaikuza ramani. Katikati palikuwa na uwezekano wa asilimia tisini na nane, bwawa la kuogelea, na gari ya ofisi.

Kazi ni kazi. Nikampelekea Mkurugenzi barua ya kuhama.

"We una wazimu? Lifute hilo doa."

"Siwezi, bosi. Amri yako inataka maandishi, na nakala iende juu."

Akaandika palepale, kwa hasira: *Mivule hii haikuota kwangu. Ilikatwa msitu wa hifadhi, ikaletwa na lori la Kitengo.*

Pingamizi likakubaliwa. Doa likafutwa, Bi Zeyana akarudi kupalilia muhogo wake. Mkurugenzi akahama vilevile, kwa kusindikizwa na askari wawili, ambao walimshukuru sana kwa mwandiko unaosomeka.