Mluzi wa Kumwita Agatha

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Daktari wa wanyama, Theopista, katuita, mimi na Melkior. Jumapili Agatha anaachiwa porini. Tulimpokea miaka mitatu iliyopita, ndama wa tembo, mama yake kauawa na majangili. Tumemnywesha chupa mpaka mabega yakapinda. Sasa kundi linashuka kunywa Mto Katuma, anaweza kwenda na wenzake. Akishakwenda, mlezi mmoja ataajiriwa moja kwa moja, na likizo, na waranti ya treni, yaani kusafiri bure. Mwingine arudi kwao. Miaka mitatu hiyo sijamwona mke wangu Kashinje, yuko Bariadi. Melkior ni Mpimbwe wa Usevya. Kwao anafika kwa lori kabla ya chakula cha mchana. Treni ya nini?
Nimeamua. Jumapili Daktari ataona mwenyewe mtoto anampenda nani.

Jumanne, 6 Agosti
Tunavaa makoti ya kijani yanayofanana, na kila siku tunapokezana, ili Agatha asishikamane na mtu mmoja. Amri ya Daktari. Leo nimepaka ugoro kwenye kola ya Melkior. Tembo ana pua ndefu, nikasema atamkimbia.
Nilisahau Melkior anavuta ugoro. Ameshinda akinusa kola yake, anasema leo Mungu kamkumbuka. Agatha kalala miguuni pake.

Jumatano, 7 Agosti
Nimerudi kwenye ninachokijua. Kwetu ng'ombe haitwi kwa kubembelezwa. Unapiga mluzi, unampa chumvi. Mluzi, chumvi. Kufika jioni Agatha alimwacha Melkior na ndoo yake, akaja mbio kwenye chumvi mfukoni kwangu. Melkior akauliza kama sisi Wasukuma tukiona chochote chenye mkia lazima tukichunge. Mshindi hajibu.

Ijumaa, 9 Agosti
Ananifuata kila mahali. Leo kanifuata chooni, akang'oa mlango wa magunia, akaondoka nao. Daktari alikuwa anapita. Nikamsalimia nikiwa palepale, sikuwa na namna. Akauliza huyu ndama ana nini. Nikasema, Mama Daktari, ni mapenzi tu. Akaandika kitu kwenye daftari. Nimelala kwa furaha.

Jumapili, 11 Agosti
Tembo tisa walikuja. Sisi tulijificha nyuma ya kichuguu, upepo ukitupiga usoni. Jike mkubwa alimnusa Agatha, akamgusa mdomoni, akampisha katikati ya wengine. Melkior alikuwa analia kimyakimya, kakunja kofia. Kundi likaanza kuondoka. Agatha naye. Hakugeuka hata mara moja.
Nikaona ajira yangu inaingia msituni. Nani atajua alinipenda? Nikapiga mluzi.
Aliacha ukoo mzima akaja mbio. Alikula chumvi, akala na mfuko. Tembo tisa wakavuka mto bila yeye.
Daktari alifunga daftari lake. Halafu akasema taratibu kwamba kazi yetu ilikuwa huyu mtoto atusahau. Ajira kapewa Melkior. Na waranti.

Jumatatu, 12 Agosti
Sifukuzwi. Agatha hali nisipokuwepo, kwa hiyo nabaki kibarua mpaka ausahau mluzi. Daktari anasema huenda mwaka. Kundi likirudi tena tutajaribu.
Melkior anasafiri kesho. Hajawahi kupanda treni, anakwenda Tabora kuiona tu, kisha arudi. Akaniuliza, huna barua ya shemeji Kashinje? Ataituma kutoka Tabora, itawahi. Nikampa. Akanifungia na ugoro kidogo kwenye karatasi, ingawa sivuti. Mtu mwema, lazima niseme.
Mluzi nimeuacha kabisa. Nimeona kosa langu: Agatha alimkimbilia mtu asiyefaa. Siku ya kuachiwa akimkimbilia Melkior, Daktari atasema nini?
Koti lake kaliacha kwenye msumari. Mfuko wa kushoto nimeshautia chumvi.