Kilo Thelathini za Bakhit

Jumamosi, 24 Mei

Shemeji Bakhit anakwenda India Jumatano kutibiwa mgongo. Tiketi inamruhusu mzigo wa kilo thelathini! Mgonjwa wa mgongo anahitaji nini zaidi ya kanzu mbili na vidonge? Nimempigia simu papo hapo. Nimechelewa. Dada yangu Khole keshachukua kilo ishirini kwa ajili ya watoto wake wa Kochi.

"Watoto wake"! Mwaka juzi alikwenda huko kutibiwa goti, akaikuta jumuiya inayosomesha na kutibu watoto wa maskini. Tangu hapo hakuna harusi Maskati isiyosikia habari zao. Mabegi ya shule. Miswaki. Watu wanamwombea dua mpaka wali unapoa. Na mimi, Musallam, mkurugenzi mstaafu, nimekaa pembeni na sahani yangu.

Basi na mimi nitatuma kitu. Halua! Begi la shule halina ladha.

Jumapili, 25 Mei

Nimenunua halua ya zafarani, kilo sita, vibakuli sita. Mke wangu Rahila kasema jumuiya imetuma orodha ya vinavyohitajika na halua haimo. Nimemjibu kwamba aliyeandika orodha hajaonja. Kasema pia wiki ijayo daktari wa meno anakwenda kuwaangalia watoto hao. Vizuri. Na yeye ataonja.

Jumatatu, 26 Mei

Bakhit kanipa kilo tano. Tano! Nimemweleza kwa upole kwamba hospitali hutoa nguo, kwa hiyo kanzu ya pili ni mzigo wa bure. Na viatu vya pili. Na jaketi. Amekubali ili nikate simu.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda kwa Bakhit, Al Khoudh, kusaidia kufunga begi. Nimejitolea mwenyewe, na mizani nimebeba. Vibakuli vitano vimeingia. Cha sita kimekataa katakata. Nimekalia begi. Wapi!

Khole alikuwa anaswali chumba cha pili. Nikapekua vitu vyake. Katikati ya madaftari, kopo la biskuti. Biskuti! Mtu anatuma biskuti India, ambako zinauzwa kila duka! Nikalitoa, nikatia halua, zipu ikafunga. Kopo nimelitia garini. Nitalila na kahawa, nisiharibu riziki.

Alhamisi, 29 Mei

Balaa.

Baada ya alasiri nimemimina kahawa, nikafungua kopo. Pamba. Chini ya pamba, vifuko saba, kila kimoja kina jina la mtoto. Ndani, mashine za kusikilizia, zile za kuvaa sikioni, zimetengenezwa kwa vipimo vya masikio yao.

Nyumba zetu zote, kopo la biskuti lina sindano, nyuzi, pasipoti, dawa ya macho. Biskuti sijawahi kuziona humo tangu nizaliwe. Nimelelewa na kopo kama hilo! Ningejuaje? Ningeweza kujua, hilo ndilo linaloniuma.

Simu ikalia. Khole. Bakhit keshafika, kopo halipo. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Kasema darasa la watoto wasiosikia linafunguliwa Jumatatu. Asiye na mashine hapokewi, anangoja mwaka mzima. Nikakiri.

Kisha Rahila kaniambia jambo ambalo Khole hakulisema harusi hata moja. Mashine hizo kazinunua kwa bangili za marehemu mama.

Ijumaa, 30 Mei

Baada ya sala nimekwenda uwanja wa ndege kutafuta msafiri wa Kochi. Watu wetu hubeba samli ya jirani, papa mkavu, hata televisheni. Lakini kopo lenye betri, kutoka kwa mzee anayetoka jasho? Wamekataa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili kaita askari. Askari kauliza ndani mna nini. Nimejibu masikio. Nimekalishwa saa nzima.

Nilipotoka, Khole alikuwa pale, kaelekezwa na Rahila, kajifunga buibui na mkoba mkononi.

"Nipe kopo langu," kasema. "Viza nnayo bado, na goti ntalivuta hivyo hivyo."

Nimemsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni. Kopo hakuniachia hata kidogo. Nimeona haya. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine anayesoma hapa.

Jumatatu, 2 Juni

Khole katuma video. Mtoto wa miaka sita, jina lake Devika, kakaa kwenye dawati. Mwalimu kasimama nyuma yake, akamwita. Mtoto kageuka. Akaitwa tena, akageuka tena, anacheka. Mara ya tatu akageuka kabla hajaitwa. Wote saba wamepokewa. Nimelia, na Rahila kaniona.

Nikaitazama tena mara nne kutafuta halua. Haimo! Nimemwandikia Khole. Kajibu kwamba daktari wa meno kaamuru wagaiwe walinzi wa hospitali. Walinzi! Zafarani yote ile!

Kosa nimeshaliona: begi lilikuwa dogo. Binamu yangu Balqees anakwenda Haidarabadi mwisho wa mwezi kutibiwa macho, na yeye ana kilo arubaini. Nimeshampigia. Nimemwambia na macho yale asijisumbue kufunga mabegi, nitakwenda kumfungia mimi.