Mitutu Miwili ya Séraphine

Jumatatu, 1 Julai 1974

Muzungu amefika! Lucie, mpishi wa nyumba ya wageni kule ufukweni, kaniambia sokoni: anatoka Liège, ni mtu wa kiwanda, na sanduku lake linalia chuma kila likiguswa. Sikuuliza zaidi. Liège! Bunduki zote za Wabelgiji tulizokuwa tukiziona utotoni zilitoka huko. Mtu wa Liège mwenye sanduku la chuma atakuwa anauza nini, vitunguu?

Bunduki ya marehemu baba ilitoka Liège. Mitutu miwili. Nyundo mbili, zimekaa nje kama masikio ya mbuzi. Unazivuta moja moja kwa dole gumba, klak, klak, na kanga wote wa mto Lukuga wanajua kumekucha. Ilipasuka mwaka niliooa. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Siku hizi nyundo zinafichwa ndani, kana kwamba ni jambo la aibu. Sina hamu ya kuua kitu. Nataka tu kuisikia ile sauti tena kabla sijafa. Nitamshawishi muzungu wazirudishe.

Shida ni Ilunga, kaka wa mke wangu. Yeye anataka wafufue ile ya mtutu mmoja inayokunjwa katikati, aifunge kwenye baiskeli aende nayo kuwinda Kiambi. Nikamwambia bunduki inayokunjwa ni mwavuli. Kanuna. Wiki ijayo chama chetu cha wawindaji kinachagua rais, na wenzetu wamesema wazi kwamba atakayempata muzungu ndiye rais. (Chama kina watu tisa na bunduki moja. Risasi bado tunatafuta.)

Jumanne, 2 Julai

Nimewaza usiku kucha. Maneno matupu hayatatosha, muzungu lazima aone! Nimemchorea Lambert seremala bunduki ya baba mchangani. Kasema ataichonga, ila mitutu inataka mti mgumu, mkavu, ulionyooka, na yeye amebakiwa na mbao za majeneza tu.

Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Nimekaa jikoni. Nikainua macho.

Michi ya Séraphine! Miwili! Mirefu, imenyooka, imelainishwa na miaka ya kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mke wangu alikuwa ziwani akinunua ndagala. Mungu ndiye anayepanga haya mambo, si mimi.

Alhamisi, 4 Julai

Séraphine ameuliza michi iko wapi. Nikajibu jirani yetu Florentine ameazima. Jibu zuri, la haraka. Bahati mbaya Florentine anakaa hatua chache kutoka hapa na ana mdomo. Séraphine amekwenda, amerudi, amepakua chakula. Ugali na ndagala. Hakuna sombe. Jana pia hakukuwa na sombe.

Mtu aliyezoea sombe akikosa siku mbili, hata mawazo yake yanakauka. Ila nimevumilia. Baba angevumilia.

Ijumaa, 5 Julai

Imekwisha! Lambert ana mikono ya malaika. Mitutu imelala ubavu kwa ubavu, imepakwa masizi na mafuta ya mawese. Nyundo mbili za mti, na zinavutika! Hazisemi klak, zinasema tok, lakini nilipofumba macho nilimwona baba. Nikalia kidogo. Lambert akajitia kufagia.

Mdomo wa mitutu umebaki na rangi ya kijani kibichi. Masizi hayashiki hapo. Nikasema haidhuru, muzungu ataona ni kutu.

Jumamosi, 6 Julai

Siku mbaya. Nimevaa abakosti, koti langu la heshima, nikaifunga bunduki kwenye kitenge, nikashika njia ya ufukweni. Nilisahau kwamba Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya umma: mtaa mzima ulikuwa barabarani na majembe ukichimba mitaro. Kitenge kikateleza. Mama mmoja akaona mitutu.

Sijawahi kuona mtaro ukiachwa haraka hivyo. Majembe chini, watu ndani ya migomba. Hata mkuu wa mtaa! Nikabaki peke yangu barabarani nikiwaeleza kwamba ni mti, ni mti tu. Kadiri nilivyoinua juu waone ndivyo walivyozidi kukimbia.

Askari akanipeleka ofisini. Akaigeuza bunduki, akavuta nyundo, tok.

"Citoyen, hii ni ya kupiga nini?"

Nikamwambia ni ya kuonyesha tu.

"Iko muzuri kupita yangu," akasema. "Yangu haina hata mukanda."

Nilidhani nimepona. Lakini mkuu wa mtaa alikuja na matope hadi magotini, anataka nilale ndani kwa kuvuruga kazi ya taifa. Aliyeniokoa ni Mama Pascasie, kiongozi wa kundi la ngoma za chama tawala. Kesho wanacheza mbele ya wageni, na mchezo wao una mwindaji asiye na silaha. Nikaachiwa. Bunduki ikaenda na Mama Pascasie.

Jumapili, 7 Julai

Nimefika uwanjani mapema. Muzungu alikuwa kiti cha mbele! Mwindaji akatokea na bunduki ya baba, watu wakapiga vigelegele, na muzungu akasimama kabisa ili aone vizuri. Ngoma ilipokwisha nikamrukia na Kifaransa changu nilichookota stesheni. Nikamweleza yote: nyundo, dole gumba, kanga, marehemu baba. Nikamwomba kiwanda chake kiirudishe.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kiwanda chake kinatengeneza sufuria.

Sufuria! Za enameli, zenye maua! Lakini bunduki ameipenda sana, anataka sita za kupeleka nyumbani kama ukumbusho. Ameagiza palepale. Kwa Lambert.

Nilikuwa bado nimeshika kiti nilipomwona Séraphine anapita katikati ya wachezaji. Akaichukua bunduki. Akaigeuza, akatazama mdomo wake, akanusa.

"Papa Anatole," akasema taratibu, "hii bunduki yako iko na sombe mu mudomo."

Serikali imetufutia majina ya ubatizo, lakini leo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkosoa kwa kuniita Anatole. Walikuwa wanacheka, na askari wa jana ndiye aliyecheka zaidi.

Jumatano, 10 Julai

Ilunga ni rais wa wawindaji. Alimpata muzungu tangu Jumanne ya wiki iliyopita! Alijua ni sufuria, akanyamaza, akaniacha nihangaike. Mkewe anapikia sufuria yenye maua. Nimemwambia mbele ya wote kwamba urais wa sufuria si urais. Hakuna aliyeniunga mkono.

Séraphine amenunua michi mipya na kuitoboa tundu juu, ili isifae kuwa bunduki. Hana haja ya wasiwasi. Nimejifunza. Sitaki tena kusikia habari za bunduki.

Leo stesheni ameshuka Mjerumani. Ana ndevu na sanduku refu kuliko la yule wa Liège. Babu alitusimulia vita vya Wajerumani hapa ziwani, mizinga ya meli ikilia mpaka madirisha ya misheni ya Mpala yakatetemeka. Mizinga ile haitengenezwi tena. Nani amewahi kuwaomba? Hakuna!

Lakini muzungu lazima aone. Jioni nimekaa jikoni nikitazama kinu. Ukikilaza ubavu, ukakiwekea magurudumu mawili...

Séraphine amekiingiza chumbani. Analala amekikumbatia.