Kiti cha Dereva wa Tatu

Jumatatu, 11 Juni

Gari letu limekaguliwa leo katikati ya mji wa Le Mans, Ufaransa, umati umefurika. Mbio ni za saa ishirini na nne, madereva watatu wakipokezana gari moja. Kila picha nimo, mbele. Timu ni yangu, na kabla ya timu nilikuwa dereva. Mwaka mmoja breki zilikufa, nikalisimamisha gari kwa kulikazia macho. Lakini Solène, mpwa wangu na meneja wangu, kiti cha tatu kampa Cormerais, daktari wa meno. Mimi kaniandikisha dereva wa akiba. Nikalalamika. Akasema, "Mjomba Yvon, kitambi chako kitamaliza mbio kabla yako."

Jumanne, 12 Juni

Njia nimeipata. Kesho wasimamizi wanampima kila dereva: ajichomoe garini upesi, kana kwamba linaungua. Atakayekwama, hakimbii. Basi daktari nimemlisha nyama ya nguruwe ya kupaka, kutwa nzima, na mkate, na siagi. Anaona haya kula peke yake. Ikabidi nimsindikize. Nikamsindikiza vizuri.

Jumatano, 13 Juni

Daktari kachomoka kama sabuni bafuni. Kumbe kila alfajiri yuko juu ya baiskeli. Zamu ya akiba ikafika. Kuingia, niliingia. Kutoka, kiuno kikagoma mlangoni. Mafundi wawili wakanivuta, mmoja anasali. Solène akauliza akate mlango au amkate mjomba. Wasimamizi wamefuta jina langu. Wivu.

Ijumaa, 15 Juni

Madereva wamepitishwa mjini kwenye magari ya wazi. Nami nikapanda, nikapunga mkono. Bibi mmoja akauliza yule mnene ni nani. Daktari akamjibu, "Bosi wetu huyo, ndiye anayenilisha." Watu wakampigia makofi yeye. Sijatulia tangu hapo. Nimezunguka gereji mpaka mafundi wakanipa ufagio.

Jumapili, 17 Juni

Tumemaliza, wa tisa. Ukungu wa alfajiri uliwachosha wenzake, daktari akaendesha kama anakwenda sokoni. Kanilowesha shingo kwa machozi, ati bila mimi asingeweza. Mtu wa redio akaniuliza siri. Nikamwambia ni lishe, nimeibuni mwenyewe.

Mwakani kiti ni changu. Fundi nimeshamwagiza apanue mlango, nikamwonyesha upana kwa mikono. Kanitazama, akasema mikono haitafika, akalete kamba anipime. Nimemruhusu, ila baada ya chakula.