Ngome ya Gulamali

Serikali ya Zaire ilipotangaza kwamba maduka ya wageni sasa ni mali ya wananchi, Kindu nzima ilishangilia, hasa wale wachache waliopewa maduka. Citoyen Tambwe (siku hizo kila mwananchi aliitwa Citoyen), ambaye maishani hakuwahi kuuza hata kibiriti, alipata duka la Mhindi Gulamali karibu na stesheni. Akashona abakosti, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa tai, akaanza kutembea polepole, kama inavyompasa mwenye mali.

Bulaimu hakupewa kitu. Alikuwa na nyumba ya matofali kule Mikelenge, aliyoachiwa na marehemu mama yake, na alikuwa na ulimi. Kwa ulimi huo alikwisha kumuuzia mkulima mmoja wa Kailo gari-moshi bovu, na mkulima yule, Mungu amjalie subira, bado anangoja liletwe.

Siku moja aliingia kwa Tambwe kuomba sigara. Ukutani akaona kalenda aliyoisahau Gulamali: picha ya ngome kubwa ya mawe mekundu huko Agra, Uhindini, na nyuma yake maelezo ya Kifaransa. Bulaimu akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Sigara akaisahau.

"Citoyen, hii picha unajua njo nini?"

"Kalenda."

"Kalenda! Hii njo nyumba ya Gulamali kule kwao. Babu zake walikuwa wafalme. Na Serikali ilisema vitu vya Gulamali ni vya nani?"

"Vyangu," alisema Tambwe.

"Vyote?"

Tambwe akaitazama picha, mdomo wazi. Mkewe, Mama Hawa, alikuwa kaketi nyuma ya meza akimenya karanga. Hakuinua macho.

Bulaimu akavaa uso wa profesa. Akaeleza jinsi mfalme Akbari alivyoijenga kwa mawe mekundu, na jinsi mjukuu wake Shah Jahani alivyoona mawe mekundu ni ushamba, akabomoa sehemu na kuweka marumaru nyeupe, kwa kuwa jasho lililomwagika halikuwa lake. Akaeleza baraza la kusikilizia raia na baraza dogo la kusikilizia wakubwa, jambo ambalo Tambwe alilielewa mara moja.

"Na adui akikuja na ndovu?" aliuliza Tambwe.

"Mulango wamepinda makusudi. Ndovu anaingia mbio, anakuta ukuta mbele ya uso. Nyuma hawezi kurudi, juu wanamumwangia mafuta ya moto."

"Masikini ndovu," alisema Mama Hawa. Kisha akauliza, "Na muntu akitaka kwenda kuitembelea, afanye nini?"

"Aende asubuhi mapema, kabla mawe hayajashika moto. Avae viatu vyepesi, abebe maji." Bulaimu akageuza kalenda. "Na wale bantu wanaosimama mulangoni kusema wao ni waongozaji, asiwasikilize. Ni wezi." Haya aliyasoma bila kupepesa jicho.

Halafu akatoa shauri lake, kwa huzuni, kama mtu anayejinyima. Mtu mwenye ngome kuhangaika na chumvi na sabuni ni aibu kwa taifa. Tambwe aende Agra akatawale, duka amwachie yeye.

"Na huyu mama atalala wapi?" Tambwe alikuna kichwa. "Hapa dukani njo kwetu."

Bulaimu akatazama makasha yaliyopangwa hadi darini, yamepigiliwa misumari vizuri. Nyumba ya mama yake ilimuuma kidogo moyoni. Lakini nyumba moja kwa duka zima!

"Achukue yangu," alisema.

Kesho yake wakaandikiana mbele ya shefu wa mtaa na mashahidi: nyumba ya Mikelenge ni ya Tambwe, duka na vyote vilivyomo ni vya Bulaimu. Tambwe akabeba kalenda kwapani na mkewe akabeba ungo wake. Walikuwa na haraka kidogo, lakini wafalme hawaulizwi.

Bulaimu alifunga mlango na kung'oa misumari ya kasha la kwanza. Maganda ya karanga. La pili, maganda ya karanga. La tatu lilikuwa na matofali, nadhani kwa ajili ya heshima. Akaketi sakafuni. Nje, gari la Chama lilipita likitangaza kwa kipaza sauti: kesho Komisere wa zone, mkuu wa wilaya, atakagua maduka yote, na mwananchi atakayekutwa ameuza mali na kuacha rafu tupu, gerezani.

Alikwenda Mikelenge mbio. Kalenda ilikwisha kutundikwa juu ya mlango wa marehemu mama yake, na Mama Hawa alikuwa kizingitini.

"Mama Hawa! Nirudishieni nyumba yangu! Ile ngome ni bongo, ni uwongo mutupu!"

"Najua, ndugu yangu. Na mimi naweza kusoma. Nyuma wameandika ni ya Serikali ya kule. Nilipomwambia, Baba Tambwe alitaka kukufukuza siku ile ile. Mimi njo nilimwambia: muache, huyu ndovu anakuja mbio mwenyewe."

Bulaimu alijisogeza hadi kizingitini. Alichungulia ndani na kuona kitanda cha mama yake, na Tambwe amelala juu yake na abakosti yake.

"Kutembelea ni asubuhi mapema, leo tumefunga," alisema Mama Hawa, akishika mlango. "Lakini viatu vyepesi uvae sasa hivi, Bulaimu. Komisere haachi kukuja."